Lufira: mto unaozungusha mitambo ya Koni wahitaji walinzi wa ukingoni

Maji yanayofika kwenye mitambo ya umeme ya Koni, mashariki mwa mji wa Likasi, yametoka mbali. Yalianza kama vijito kwenye nyanda za juu karibu na mpaka wa Zambia, yakapita kwenye eneo la migodi na viwanda vya shaba, yakatulia katika ziwa Tshangalele, yakashuka kwenye mitambo ya Mwadingusha, na kilomita chache mbele yakafika Koni. Kutoka hapo mto Lufira unaelekea kaskazini, unaanguka kwenye maporomoko ya Kiubo, kisha unaingia Lualaba katika bonde la Upemba. Ni safari ya takriban kilomita 500, yote ndani ya Katanga.

Katika safari hiyo kila mmoja anachukua chake: umeme, samaki, maji ya kunywa, mboga za bustani, udongo wa matofali, miti ya makala. Kila mmoja pia anaacha kitu mtoni, na wanaoishi chini wanapokea kilichoachwa na walio juu.

Ukitazama karatasi, Lufira una walinzi wengi. Tangu mwaka 1982 sehemu ya bonde lake, hekta 14,700, imo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za biosfera, pamoja na Yangambi na Luki. Nchi ina sheria ya mazingira ya mwaka 2011, sheria ya hifadhi ya viumbe ya mwaka 2014, sheria ya maji ya mwaka 2015 na kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018. Hata hivyo, ukingoni nyavu za matundu madogo bado zinatupwa, miti bado inaanguka, na maji ya viwandani bado yanatafuta njia yake.

Uzoefu wa Lufira, na wa jirani yake Luapula ulio mpakani na Zambia, unaonyesha jambo moja: marufuku inashika pale ambapo wakaaji wanajua sababu yake, wana sauti katika kuiweka, na wana kitu cha kupika siku wanapoacha kuvua.

Maporomoko yaliyogeuzwa umeme

Kabla ya mitambo, bonde la Lufira lilijulikana kwa chumvi ya Mwashya na kwa njia za biashara zilizoelekea Bunkeya, mji wa Mwami M'siri. Mwaka 1891 msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Lucien Bia na Émile Francqui ulianza safari ya kuja Katanga, na ndani yake alikuwamo mtaalamu wa miamba, Jules Cornet, ambaye maandishi yake yaliwaonyesha wakoloni utajiri wa shaba wa nchi hii. Majina ya watu hao watatu yakabandikwa mtoni: maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa Cornet, mtambo uliojengwa hapo ukaitwa Francqui, na ule wa Koni ukaitwa Bia.

Union Minière du Haut-Katanga ilihitaji umeme kwa ajili ya viwanda vyake vya Likasi, wakati huo Jadotville, hasa kiwanda cha Shituru kilichoanza kazi mwaka 1929. Ukuta wa Mwadingusha ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1930. Nyuma yake maji yalifunika nyanda za majani, likazaliwa ziwa ambalo maji yakijaa linafikia takriban kilomita za mraba 400. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1950, mtambo wa Koni nao ulianza kutoa umeme, ukitumia tena maji yale yale yaliyokwisha kupita Mwadingusha. Una mashine tatu, kila moja ya megawati 14.

Leo mitambo yote miwili iko chini ya SNEL. Mwadingusha ulikarabatiwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ivanhoe Mines, na mwaka 2021 ukarudi na uwezo wa megawati 78, umeme ulioingizwa kwenye mtandao wa taifa kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi. Kwa maneno mengine, shaba inayochimbwa upande wa Kolwezi inategemea mvua inayonyesha kwenye bonde la Lufira.

Hii ndiyo sababu ya kwanza kwa nini ulinzi wa mto huu hauwezi kuachiwa watu wa mazingira peke yao. Mtambo wa umeme haujali sana jina la samaki, lakini unajali mchanga. Udongo unaoletwa na mvua kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti unatua chini ya ziwa, na ziwa la Tshangalele si la kina kirefu. Kila tabaka la matope linachukua nafasi ya maji ambayo yangehifadhiwa kwa miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, wakati mvua haipo na mitambo ya Mwadingusha na Koni inategemea akiba.

Mpaka uliochorwa na mvua

Ramani inaonyesha jambo ambalo wengi hawalifikirii. Sehemu kubwa ya mpaka kati ya Haut-Katanga na Zambia inafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Tone linaloanguka upande wa kusini wa mgongo huo linaingia mto Kafue na kuelekea Zambezi, hadi bahari ya Hindi. Tone linaloanguka upande wa kaskazini linaingia Lufira au Lualaba na kuelekea mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Wakoloni walipogawana nchi walitumia maji kuwa kipimo.

Pande zote mbili za mgongo huo kuna shaba, na pande zote mbili kuna mabwawa ya taka za viwanda. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa moja la taka ulivunjika Chambishi, upande wa Zambia, katika mgodi wa Sino-Metals Leach Zambia. Takriban lita milioni 50 za maji yenye asidi ziliingia kwenye kijito cha Mwambashi na kutoka hapo kwenye Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya ukingoni yaliungua, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba.

Wakongomani walikuwa wamepata somo kama hilo miaka minne kabla. Mwaka 2021 taka za mgodi wa almasi wa Catoca, nchini Angola, zilivuja na kushuka hadi mito ya Tshikapa na Kasai. Mwezi Septemba mwaka huo waziri wa mazingira wa wakati ule, Eve Bazaiba, alitangaza kwamba watu 12 walikufa na maelfu waliugua. Samaki waliokufa walielea mtoni, na watu walikatazwa kunywa maji ambayo hawakuwa na mengine badala yake.

Ajali hizo mbili zinafanana katika jambo moja: waliodhurika zaidi hawakuwa majirani wa mgodi. Walikuwa watu wa chini ya mto, ambao hawakuwahi kuuona mgodi wenyewe, wala hakuna aliyekuja kuwauliza kabla haujafunguliwa. Wakaaji wa kando ya Tshangalele na wa Koni wako katika hali hiyo hiyo. Likasi iko juu yao.

Kinachoshuka bila kuonekana

Kwa karibu miaka mia moja, maji ya viwanda na mvua inayoosha malundo ya taka za Likasi imekuwa ikifuata vijito kama Panda na Buluo hadi Lufira, na kutoka hapo hadi ziwani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima maji, matope, mimea na samaki katika bonde la juu la Lufira, na mwaka 2010 walichapisha matokeo yaliyoonyesha shaba, kobalti na metali nyingine katika mnyororo mzima wa chakula.

Mwaka mmoja kabla, utafiti wa daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Lubumbashi na wenzake wa chuo cha Leuven, Ubelgiji, ulikuta kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kiwango kikubwa sana cha kobalti kwenye mkojo, watoto zaidi ya watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vumbi na mboga zinazolimwa mahali penye uchafu ni miongoni mwa njia kuu zinazoingiza metali hiyo mwilini.

Hapo ndipo kazi ya kuelimisha inapokuwa ngumu. Samaki mwenye metali hana harufu mbaya. Anang'aa, anakaangwa vizuri, na kwenye soko la Likasi bei yake ni ile ile. Watu wamefundishwa kwa miaka mingi kuchemsha maji, na mafundisho hayo ni ya kweli dhidi ya kipindupindu na kuhara. Lakini moto unaua vijidudu tu. Shaba na kobalti zinabaki kwenye sufuria, na maji yakipungua kwa mvuke zinazidi kukolea.

Ujumbe unaoweza kutumika nyumbani lazima uwe mdogo na wazi. Metali nyingi hujikusanya zaidi kwenye ini, figo, matumbo na mashavu ya samaki kuliko kwenye nyama yake, kwa hiyo kutoa matumbo vizuri kuna maana. Mboga zioshwe kwa maji safi kuondoa vumbi. Bustani isiwekwe pale ambapo maji ya kiwanda yanafurika wakati wa mvua. Kisima cha kunywa kichimbwe mbali na kijito kinachobadilika rangi. Mambo haya hayamalizi tatizo, maana chanzo kiko juu, lakini yanampa mama wa nyumba kitu cha kufanya leo wakati madai makubwa yanasubiri ofisini.

Miti inayoshika mto

Adui wa pili wa Lufira hatoki kiwandani. Anatoka jikoni. Lubumbashi na Likasi zinapika bukari kwa makala, na makala hayo yanatoka kwenye misitu ya miombo iliyozunguka miji. Miti ya karibu ilipokwisha, wachomaji walisogea mbali zaidi, wakifuata barabara. Baada ya makala hufuata shamba la mahindi, na baada ya misimu michache udongo unachoka na kuachwa wazi.

Msitu wa miombo una kazi inayofanana na ya sifongo. Mvua kubwa ya Januari inaingia ardhini polepole na kutoka kama chemchemi mwezi wa Agosti. Msitu ukiondoka, mvua hiyo hiyo inateremka kwa siku moja ikibeba udongo, na Agosti kijito kinakauka. Pamoja na maji vinaondoka viwavi vya kuliwa, uyoga wa masika, asali na dawa za mizizi, ambavyo kwa familia nyingi za vijijini ni chakula na pesa ya shule.

Ziwa na vinamasi vyake pia ni makao ya viumbe wasiopatikana mahali pengine. Mwaka 1960 alikamatwa hapo ndege mdogo wa manjano wa jamii ya kwera, afumaye kiota chake kwenye mimea ya majini. Mwaka 1982, mwaka ule ule hifadhi ya biosfera ilipotambuliwa, wataalamu walimpa jina lake rasmi, Ploceus ruweti. Anajulikana katika bonde hili la Lufira tu. Matete yakichomwa yote ili kufungua njia ya mitumbwi, hana pa kwenda.

Hifadhi ya biosfera, kwa maana yake, si mahali pa kufukuza watu. Inakuwa na kiini kinachoachwa bila kuguswa, ukanda unaokizunguka wenye shughuli chache, na eneo la nje ambako watu wanaishi, wanalima na kuvua kwa utaratibu. Lakini utaratibu huo unafanya kazi kama mkaaji anajua kiini kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mpaka uliopo kwenye ramani ya Paris au Kinshasa, usio na jiwe wala mti uliotiwa alama kijijini, ni mpaka wa wenye ramani peke yao.

Kuna njia nyingine ya kisheria iliyo karibu zaidi na wakaaji. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wao wa mila uandikwe kwa jina lao, hadi hekta 50,000, na kuusimamia wenyewe bila muda wa kikomo. Jamii kadhaa za Haut-Katanga zimeingia katika njia hiyo. Kwa bonde la mto, faida yake ni kubwa: anayetaka kuja na shoka au mashine ya kukata miti hana budi kuzungumza na wenye msitu, na wenye msitu wana karatasi mkononi.

Mpumbu wa Luapula: somo lililolipiwa

Kwa kujua kitakachotokea ziwani na Lufira watu wakichelewa, hakuna haja ya kwenda mbali. Inatosha kwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, unaotenganisha Kongo na Zambia kabla ya kuingia ziwa Mweru.

Katika miaka ya 1930 na 1940 samaki aliyetajirisha Kasenga aliitwa mpumbu. Mvua za kwanza zilipoanza, makundi makubwa ya mpumbu yalipanda kutoka ziwani kwenda kutaga mayai mtoni. Wafanyabiashara Wagiriki waliokuwa Kasenga waliwanunua kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili, wakawaweka kwenye barafu na kuwapeleka Elisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Pesa ilikuwa nyingi, nyavu za kiwandani zikaongezeka, na samaki walizibiwa njia wakiwa bado na mayai tumboni.

Kila upande wa mto ulikuwa na serikali yake, Wabelgiji huku na Waingereza kule. Mvuvi wa huku alijua kwamba asipovua yeye, atavua wa ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu waliporomoka, na uvuvi ule mkubwa haukurudi tena. Wavuvi wakahamia kwenye samaki wengine, na miongo kadhaa baadaye kwenye wale wadogo wadogo waitwao chisense, wanaovuliwa usiku kwa taa.

Leo kufunga uvuvi wakati wa mvua ni jambo linalojulikana katika ukanda huo. Zambia hufunga kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wa Kongo pia mamlaka hutangaza kufunga ili samaki watage. Malalamiko nayo yanajulikana. Miezi hiyo ndiyo ya njaa vijijini, mahindi bado mabichi shambani, na Januari ni mwezi wa karo na madeni. Mtu anayeambiwa asivue bila kuambiwa ale nini atavua usiku. Na akikamatwa, faini anayotozwa huenda ikaishia mfukoni mwa aliyemkamata, naye mvuvi anajifunza kwamba sheria ni bei tu.

Luapula una mabwana wawili, na kwa sababu hiyo una kisingizio. Lufira una nchi moja, na sehemu kubwa ya mkondo wake wa juu inajulikana na machifu wanaofahamiana. Kama kuna mto wa Katanga ambao watu wanaweza kukubaliana juu yake bila kusubiri mikutano ya mataifa, ni huu.

Kuzungumza lugha ya ukingoni

Sheria zote zilizotajwa hapa zimeandikwa kwa Kifaransa. Mvuvi wa Tshangalele anazungumza Kisanga au Kilamba nyumbani na Kiswahili sokoni. Hatua ya kwanza ya kulinda mto ni ya tafsiri: kuchukua kifungu cha sheria na kukifanya kitu kinachopimika kwa mkono. Tundu la wavu lipimwe kwa vidole, si kwa milimita. Eneo la kutaga litajwe kwa jina lake la kienyeji, kutoka mti fulani hadi kwenye mdomo wa kijito fulani. Miezi ya kufunga itangazwe mapema, kabla mtu hajakopa pesa ya kununua wavu.

Hatua ya pili ni kujua nani wa kuzungumza naye. Mara nyingi mikutano huita wavuvi wanaume, lakini samaki wa ziwa yuko mikononi mwa akina mama wanaomnunua mtumbwini, wanaomkausha na kumpeleka Likasi. Hao ndio wanaoamua kama samaki mdogo ana soko. Siku akina mama wa soko wakikataa kununua watoto wa tilapia, wavu wa chandarua hauna kazi tena. Katika makundi yao ya likelemba tayari wana mfumo wa akiba. Likelemba iliyopangwa ifunguliwe mwezi wa Januari inaweza kubeba nyumba wakati uvuvi umefungwa.

Wengine ni wachomaji wa makala, madereva wa malori, walimu, wachungaji na makatekista. Redio za Likasi zinasikika mbali, na tangazo linalosemwa Jumapili kanisani linafika mahali ambapo barua ya waziri haifiki. Machifu wa mila nao wana nguvu ya pekee. Katika sehemu nyingi za Katanga kuna mabwawa na maporomoko ambayo tangu zamani hayavuliwi ovyo kwa kuheshimu mizimu. Mababu walikuwa na hifadhi zao kabla ya UNESCO.

Hatua ya tatu, na inayosahaulika zaidi, ni kuwarudishia watu matokeo. Kwa miaka mingi watafiti wamechukua samaki, mkojo na matope ya bonde hili wakaenda kuyapima. Makala zao zinasomwa Ulaya. Mvuvi aliyetoa samaki wake naye anastahili kuambiwa kilichokutwa ndani yake, kwa lugha yake.

Madai yaliyo ndani ya sheria

Kazi ya kuelimisha ikiishia kwa mvuvi peke yake inakuwa dhuluma. Haiwezekani kumhukumu mtu wa wavu mdogo na kumwacha mwenye bomba kubwa. Na hapa sheria inawapa wakaaji silaha ambayo wachache wanaifahamu.

Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inaidai kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii, na isaini na jamii hizo hati ya ahadi, ile inayojulikana kwa Kifaransa kama cahier des charges. Kodi hiyo hiyo inagawa malipo ya madini: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali, yaani komine, sekta au usultani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Sheria inazungumzia jamii zinazoguswa na mradi. Kwa kawaida hilo linasomwa kama vijiji vinavyopakana na uzio wa mgodi. Lakini mto unabeba uchafu kupita uzio. Kijiji cha chini ya mto kinachoweza kuonyesha kwamba maji yake yamebadilika kinaguswa pia, na kina haki ya kukaa mezani. Ili kuonyesha hivyo kinahitaji ushahidi: daftari la tarehe ambazo maji yalibadilika rangi, picha zenye siku, idadi ya samaki waliokufa, sampuli zilizochukuliwa mbele ya mashahidi. Mashirika ya kiraia ya Lubumbashi yamekwisha kuonyesha njia. Mwezi Machi 2024 AFREWATCH, pamoja na shirika la RAID la Uingereza, lilichapisha uchunguzi juu ya maji yanayozunguka migodi mikubwa ya Kolwezi, wakiunganisha vipimo vya maji na ushuhuda wa wakaaji.

Hapa pia wenye mitambo ya umeme wana neno la kusema. SNEL na washirika wake wanahitaji ziwa lisilojaa matope. Makampuni ya migodi yanahitaji umeme huo. Wakaaji wanahitaji samaki na maji. Mara chache maslahi ya watu watatu yanakutana mahali pamoja hivi. Kupanda miti kwenye vyanzo vya vijito, kulipa vijana wa kijiji kuilinda, na kuacha ukanda wa majani na matete kando ya maji ni gharama ndogo kuliko kuondoa matope ziwani au kununua umeme kutoka nje ya nchi.

Mvua zikianza

Katika bonde la Lufira mvua huanza kwa nguvu mwezi wa Novemba. Ndipo samaki wanapopanda kwenye vijito na nyanda zilizofurika ili kutaga. Ndipo pia mvua inapoosha malundo ya taka, na wakulima wanapofungua mashamba mapya. Kila kitu kinachoamua hali ya mto kwa mwaka mzima kinatokea katika wiki hizo chache.

Kwa hiyo mazungumzo hayana budi kufanyika kiangazi, wakati barabara zinapitika, wavuvi wana pesa kidogo na akina mama wanapanga likelemba zao. Mkutano wa machifu wa ukingo wa juu na wa chini, wa wavuvi wa Tshangalele na wa Koni, pamoja na watu wa mitambo na wa viwanda, hauhitaji sheria mpya. Unahitaji tarehe, mahali, na makubaliano machache yanayoweza kukumbukwa bila kuandikwa: wapi pasivuliwe, miti gani isikatwe, na nani aitwe kwanza siku maji yakibadilika rangi.